Kijembe, Suto na Tusi: Uhakiki wa Maneno ya Kudhalilishana katika Simu za Vijana wa Pwani ya Kusini

1. Utangulizi

Upo utetezi mmoja ulioenea miongoni mwa wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu, na hasa wanafunzi wa fasihi. Mwanafunzi akilaumiwa kwamba amemtolea mwenzake maneno ya kumdhalilisha katika kundi la WhatsApp la darasa, hujibu kwamba hilo si jambo geni katika lugha ya Kiswahili. Babu zetu, husema, walijibizana kwa mashairi. Bibi zetu walipigana vijembe kwa leso na kwa lelemama. Naye anaendeleza mila hiyo hiyo kwa chombo kipya. Utetezi huu haufai kupuuzwa. Kwanza, una chembe ya ukweli. Pili, umejengwa kwa mawe yaliyochimbwa katika mihadhara ya fasihi simulizi. Ikiwa ni sahihi, hatuna haki ya kuwalaumu vijana hao. Ikiwa si sahihi, ni wajibu wa wanafasihi, kabla ya polisi na kabla ya wakuu wa vyuo, kuonyesha ni wapi ulipokosea.

Makala haya yanakusudia kuupima utetezi huo. Tutaanza kwa kuyatenga maneno ambayo Kiswahili huyatumia kwa aina mbalimbali za usemi wa kuumiza. Kisha tutaitazama mila yenyewe ya kujibizana, bila kuipamba. Baada ya hapo tutachambua mifano michache ya maneno ya simuni, na mwisho tutaeleza kwa nini sheria peke yake haiwezi kulimaliza jambo hili, na ni msaada gani mila yetu inaweza kutoa.

Eneo tulilolichagua ni pwani ya kusini ya Kenya, yaani nchi ya Kwale, kutoka Tiwi na Diani hadi Msambweni, Gazi, Shimoni na Vanga. Sababu ni mbili. Kwanza, ni nchi ya lugha nyingi zilizo karibu: Kidigo na Kiduruma, Kivumba na Kichifundi, na Kiswahili cha Mvita kivukacho feri ya Likoni kila siku. Pili, ni nchi ya miji midogo ambamo watu wanajuana kwa ukoo. Kijana wa Msambweni husoma Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, au Chuo Kikuu cha Pwani kilichoko Kilifi, vyote viwili vilivyopata hadhi kamili mwaka 2013, au huenda Nairobi. Lakini simu yake imemfunga na nyumbani. Neno aliloandikiwa Jumatatu chuoni huwa limekwisha kufika barazani kwao kabla yeye hajapanda gari la kurudi likizoni. Mitaa miwili, wa chuo na wa kwao, imekuwa mmoja.

Ukubwa wa jambo lenyewe si wa kubuni. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 kwa ushirikiano wa UNFPA na Chuo Kikuu cha Nairobi, juu ya taasisi za elimu ya juu za Nairobi, ulieleza kwamba karibu asilimia 90 ya vijana waliohojiwa walikuwa wameshuhudia ukatili wa kijinsia upitao katika vyombo vya mawasiliano, na asilimia 39 ulikuwa umewapata wao wenyewe. Hesabu hizo ni za jiji kuu; kazi ya makala haya si kuhesabu bali ni kuyasoma maneno.

2. Maneno matano na maana zake

Lugha yetu haina upungufu wa msamiati katika jambo hili. Yafaa tuyatenge maneno matano.

Kusengenya ni kumsema mtu vibaya naye hayupo. Sifa yake kubwa ni kutokuwapo kwa mlengwa. Wadigo wa Kwale wana ngoma mashuhuri iitwayo sengenya, ichezwayo kwa zumari na ngoma za aina kadha. Asili ya jina hilo si hoja yetu hapa. Lakini Mswahili alisikiapo hawezi kukosa kukikumbuka kitenzi hicho, na hapana budi kutambua kwamba ngoma ni mahali pa hadhara ambapo yasemwayo nyuma ya mlango huweza kuimbwa mbele ya watu.

Kijembe ni neno la kuchoma lisemwalo mlengwa akiwapo, lakini bila ya kumtaja. Jembe dogo huchimba taratibu. Kijembe hakikamiliki mpaka mlengwa ajitambue, na hapo ndipo ulipo uhuru wake: anaweza kujitambua akanyamaza. Methali yasema kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Methali hiyo kwa kawaida hutolewa kuusifu werevu wa msikilizaji. Lakini ina maana nyingine: mwerevu akisha kuling'amua fumbo, ni hiari yake kuonyesha kwamba ameling'amua.

Utani ni dhihaka yenye kibali. Wataalamu wa elimu ya jamii, kuanzia A. R. Radcliffe-Brown aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1940, wameeleza kwamba utani ni uhusiano uliowekwa na jamii baina ya watu maalumu, ambao mmoja hana ruhusa ya kuudhika kwa maneno ya mwenzake. Babu humtania mjukuu, binamu humtania binamu. La muhimu ni kwamba utani hauanzi kwa neno. Huanza kwa uhusiano. Asiye mtani wako hawezi kujifanya mtani kwa kuongeza kicheko mwishoni mwa tusi.

Kusuta ni kumkabili msengenyaji ana kwa ana, mbele ya mashahidi, na kumtaka ayarudie aliyoyasema. Katika miji ya pwani wanawake walikuwa na desturi ya kwenda pamoja nyumbani kwa mwenye kusengenya, pengine kwa nyimbo, wakamwuliza hadharani. Suto ni ukali, lakini ni ukali unaotafuta chanzo cha neno.

Tusi ni neno la kumshusha mtu waziwazi, kwa mwili wake, wazazi wake, kabila lake au heshima yake. Halina fumbo wala kibali, na halitafuti chanzo cha chochote.

Tukiyapanga maneno haya tunaona kwamba yanatofautiana kwa mambo manne: iwapo mlengwa yupo, iwapo ametajwa, iwapo ana nafasi ya kujibu, na iwapo jambo lina mwisho. Mambo haya manne ndiyo mizani tutakayoitumia.

3. Mila ya kujibizana

Wanafunzi wanaposema kwamba fasihi ya Kiswahili ina mila kubwa ya kushambuliana, wanasema kweli. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi tangu mwaka 1776 hadi 1840, alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu katika siku za ugomvi uliofikia vita vya Shela. Mashairi yake yalihifadhiwa kwa juhudi za Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, yakachapwa na William Hichens mwaka 1940, na baadaye yakachambuliwa na Mohamed Abdulaziz katika kitabu chake cha mwaka 1979. Katika mashairi hayo mna kejeli, vitisho na dharau. Lakini mwenye kushambuliwa alikuwa mshairi au mji wenye washairi, na jibu lilipelekwa kwa bahari hiyo hiyo.

Vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa, ambavyo Margaret Strobel aliviandikia kitabu mwaka 1979, vilishindana kwa mavazi, karamu na nyimbo. Mashindano ya vyama kama Ibinaal Watan na Banu Saada yalikuwa na maneno makali. Kadhalika leso, tangu wafanyabiashara wa Mombasa kama Kaderdina Hajee Essak walipoanza kuzichapa maneno ya Kiswahili, zimekuwa chombo cha kusema bila kufungua kinywa. Mke mwenza hujifunga leso yenye maneno makali akapita mbele ya mwenzake. Akiulizwa, hujibu kwamba ameinunua dukani kama wengine.

Mfano ulio karibu zaidi na wakati wetu ni mashairi ya kimondo, yaliyotungwa Lamu katika mashindano ya uchaguzi ya miaka ya 1970 na kuchambuliwa na Assibi Amidu mwaka 1990. Mashairi hayo yalienezwa kwa kanda za kunasia sauti. Hapa tunaona chombo kikitenganisha sauti na kinywa: kanda ilisikizwa katika nyumba ambazo mtunzi hakuzijua, ikanakiliwa na watu ambao hakuwatuma. Mwenye kudai kwamba simu ndiyo iliyoleta kwa mara ya kwanza usemi usio na mwili amezisahau kanda hizo.

Hata hivyo tusiipambe mila hii. Wapo wahakiki wanaoizungumzia kana kwamba kijembe kilikuwa mchezo wa werevu tu, usiomwaga damu ya moyo. La hasha. Mwanamke aliyeimbwa katika lelemama hakucheka. Mke mdogo aliyepitiwa na leso kila asubuhi hakuwa akishangilia ufundi wa lugha. Yafaa pia kukumbuka kwamba vijembe vingi viliwalenga wanawake, na mara nyingi viliwalenga kwa ndoa, uzazi na mwendo. Mila ilikuwa na breki, lakini kuwa na breki si kutokuwa na mwendo. Hoja yetu si kwamba wazee walikuwa wema na vijana ni wabaya. Hoja ni kwamba mila ile ilikuwa na masharti, na kuyachukua maneno ukayaacha masharti si kuiendeleza mila.

4. Uchambuzi wa mifano

Mifano ifuatayo nimeitunga mwenyewe kwa kulifuata umbo la maneno yanayotumika, ili pasitajwe mtu yeyote. Tuchukulie kwamba mwanafunzi wa kike kutoka Msambweni amechaguliwa kuwa mwakilishi wa darasa.

Mfano wa kwanza: Wako waliovuka feri juzi na kandambili, leo wanataka tuwaite waheshimiwa.

Hiki ni kijembe, tena kijembe kizuri. Tuangalie sarufi yake. Kiima ni wa- katika wako, kiambishi cha wingi kisicho na jina. Kirejeshi -o- katika waliovuka hakina nomino ya kukitangulia. Nafsi ya kwanza wingi katika tuwaite inawakusanya wasikilizaji bila kuwauliza. Sarufi yote ya kijembe imejengwa juu ya kutotaja. Viwakilishi vya jumla, virejeshi visivyo na nomino, maneno kama wengine na baadhi ya watu, ndizo nyenzo zake. Mlengwa anaweza kunyamaza, anaweza kucheka, anaweza kurudisha kijembe chake juu ya wale waliozaliwa karibu na feri na bado hawajavuka kwenda popote. Mchezo uko sawa.

Mfano wa pili: Muulizeni kiatu cha kwanza alinunuliwa na nani pale Diani. Chini ya maneno hayo pamewekwa picha ya msichana huyo, amevaa kiatu, amesimama ufukoni.

Kwa maneno peke yake, huu nao unafanana na kijembe. Hakuna jina wala neno chafu. Fumbo lenyewe linategemea maarifa ya mahali: tangu utalii uenee Diani, msichana wa Kwale aliye na kitu kizuri huwa karibu na tuhuma kwamba amekipata kwa mgeni. Lakini tazama picha imefanya nini. Picha ni kiashiria. Kiambishi a- cha alinunuliwa, ambacho katika kijembe kingebaki wazi, sasa kimefungwa kwa mtu mmoja tu. Uhuru wa mlengwa wa kujitambua au kutojitambua umeondolewa, kwa kuwa wengine wamekwisha kumtambua kwa niaba yake. Hapa ndipo utetezi wa wanafunzi unapovunjika kwanza. Mtungaji ameazima umbo la fumbo ili ajifiche yeye, na ametumia picha ili asimfiche mwenzake. Katika kijembe cha kale wote wawili walifichwa au wote wawili walionekana: mwenye leso alipita kwa miguu yake. Katika mfano huu fumbo limekuwa la upande mmoja. Tunapendekeza kwamba hiki ndicho kipimo cha kifasihi cha kutenganisha kijembe na udhalilishaji: fumbo linamkinga nani?

Mfano wa tatu: Kwao tunakujua. Bibi yake mchana hulala, usiku huamka.

Sentensi hii haina tusi hata moja. Mgeni akiisoma atadhani ni habari ya kikongwe asiyepata usingizi. Mtu wa Kwale au wa Kilifi ataisoma vingine: kikongwe ametajwa kuwa mchawi. Katika kaunti hizi mbili wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine na jamaa zao wenyewe. Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyotungwa tangu mwaka 1925, pamoja na kasoro zake nyingi za kikoloni, ilifanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa. Watunga sheria wale walikwisha kutambua kwamba yapo maneno yanayoua. Sasa tulinganishe na mizani yetu. Mlengwa wa kweli wa sentensi hii si msichana aliyeko darasani bali ni bibi yake aliyeko kijijini. Hana simu. Hajui kwamba ametajwa. Hawezi kujibu. Na sentensi, ikisha kupelekwa kutoka kundi la darasa hadi kundi la ukoo na kundi la kijiji, haina mwisho. Masharti yote manne yameanguka kwa pamoja, katika maneno machache yasiyo na neno chafu hata moja.

Mifano hii inatuonyesha pia upungufu wa maelezo yanayotumika sana katika vitabu vya ng'ambo. Dan Olweus, aliyefanya utafiti wa uonevu shuleni katika nchi za Skandinavia tangu miaka ya 1970, alitaja sifa tatu: nia ya kuumiza, marudio, na kutolingana kwa nguvu. Sifa hizo zinafaa uwanja wa shule. Katika simu marudio huchukua sura nyingine. Mtungaji wa mfano wa pili aliandika mara moja tu. Waliorudia ni watu 200 ambao kila mmoja alipeleka mara moja tu. Kila mmoja wao akiulizwa atasema kwa haki kwamba hakumwandama mtu. Kwa hiyo mwenye kutafuta marudio kwa mtungaji hatayapata. Atayapata kwa wasikilizaji. Na jambo hili mwanafasihi simulizi alipaswa kulijua mapema kuliko mwingine yeyote, kwani yeye ndiye afundishaye kwamba hadhira ni mtungaji wa pili.

Kuna na suala la wakati. Ngoma ina alfajiri. Leso huchakaa, na ikichakaa hutandikwa mtoto. Ugomvi wa mashairi ulikwisha pale mmoja alipokosa vina au watu walipochoka. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofikishwa Mombasa kupitia chini ya bahari mwaka 2009, zilileta chombo ambacho hakichoki wala hakisahau. Maneno yaliyofutwa na aliyeyaandika yamekwisha kupigwa picha na aliyeyasoma. Msichana aliyedhalilishwa akiwa na umri wa miaka 19 ataulizwa juu ya kiatu kile siku atakapoposwa, na siku atakapoomba kazi.

5. Sheria na orodha za maneno

Nchi yetu imejaribu kulikabili jambo hili kwa sheria. Mwezi wa Aprili 2016 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichoadhibu matumizi mabaya ya vyombo vya mawasiliano, kwa kuwa maneno yake yalikuwa mapana mno. Mwezi wa Februari 2017 ikabatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kashfa kuwa jinai. Mwaka 2018 ikatungwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao. Kifungu chake cha 27 kiliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 20 au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili, kwa mwenye kumsumbua mwenzake. Na kifungu cha 37 kikashughulikia kueneza picha za faragha, kwa adhabu isiyozidi shilingi 200,000 au miaka 2. Mwezi wa Oktoba 2025 kifungu cha 27 kilirekebishwa na kupanuliwa, na katika mwezi huo huo Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu za marekebisho hayo. Jirani zetu wa Tanzania waliweka kifungu mahsusi, cha 23, katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Mtu anayezisoma sheria hizi kwa jicho la lugha atashangazwa na jambo moja. Faini ya picha ya faragha, ambayo ndiyo humwangusha msichana moja kwa moja, ni ndogo mara mia kuliko faini ya maneno ya usumbufu. Mizani ya sheria haifanani na mizani ya jamii.

Lakini tatizo kubwa zaidi ni kwamba sheria hutafuta neno, na madhara yamo katika matumizi. Mfano bora ni orodha ya maneno ya chuki iliyotangazwa na Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwezi wa Aprili 2022, kabla ya uchaguzi mkuu. Miongoni mwa yaliyotajwa ni kauli ya wabara waende kwao, na ni haki yake kutajwa. Watu wa pwani ya kusini wanaijua historia yake: katika machafuko yaliyoanzia Likoni mwezi wa Agosti 1997 na kuenea hadi Ukunda na Diani, watu waliotoka bara waliuawa na maelfu wakafukuzwa makwao. Kauli hiyo haina fumbo, ni amri. Lakini orodha hiyo hiyo ilikuwa na neno lililotokana na wimbo wa vijana, sipangwingwi, ambalo lilikuwa limekuwa wito wa kisiasa wa kukataa kupangiwa mambo. Kauli ya kufukuza watu na neno la kukataa kuamriwa viliwekwa katika kapu moja. Nayo sentensi yetu juu ya kikongwe asiyelala usiku isingeingia katika orodha yoyote duniani.

Lipo pia jambo la mwelekeo wa nguvu. Mwanafunzi anayemkejeli waziri na mwanafunzi anayemkejeli mwenzake wa kijijini hawafanyi jambo moja, hata wakitumia maneno yale yale. Kejeli ipandayo kwa mwenye mamlaka ni sehemu ya uhuru wa fasihi. Tangu Muyaka hadi leo hakuna mila ya ushairi bila hiyo. Sheria pana iliyotungwa kwa jina la kumlinda msichana wa Msambweni huweza kutumika kumlinda waziri, na msichana akabaki alipokuwa. Kwa sababu hiyo mwanafasihi hawezi kuikabidhi polisi kazi yake yote na kurudi kulala.

6. Suto kama funzo

Tumesema kwamba miongoni mwa maneno matano lipo moja ambalo ni ukali unaotafuta chanzo. Kwa maoni yetu, vijana waliirithi nusu ya mila. Walichukua kijembe, wakaacha suto.

Kusuta kuna kanuni tatu zinazofaa kuzingatiwa. Kwanza, husuta aliyesikia, si aliyesemwa peke yake. Mwenye kusengenywa hakwenda pekee. Alifuatana na waliosikia, nao walibeba ushahidi kwa vinywa vyao. Katika kundi la darasa lenye watu 200, msichana aliyewekewa picha huachwa pekee, na kimya cha 198 huhesabiwa kuwa kicheko. Watatu tu wakiandika, Rudia hapa ulichokiandika, na uandike jina la unayemkusudia, fumbo la upande mmoja limekwisha. Pili, suto huuliza juu ya tendo la msemaji, halimtukani kwa mwili wake wala kwa mama yake. Likifanya hivyo huwa tusi jingine, na kundi la wasutaji huwa kundi la waonevu; hatari hii ipo, na nyimbo za kusuta za zamani hazikuiepuka sikuzote. Tatu, suto lina mwisho. Msemaji akikiri na kuomba radhi mbele ya watu wale wale waliosikia, jambo hufungwa. Radhi inayoombwa faraghani kwa kosa la hadharani haijafunga kitu.

Hapa pana pingamizi lifaalo kujibiwa. Itasemwa kwamba suto linahitaji nyuso, na simu haina nyuso. Kwamba anayeandika kwa jina la bandia hawezi kusutwa. Ni kweli kwa kiasi. Hata hivyo makundi yanayowaumiza zaidi wanafunzi si ya wageni. Ni ya darasa, ya bweni, ya ukoo na ya kijiji, ambamo kila nambari ina mwenyewe na kila mwenyewe ana mjomba. Huko nyuso zipo. Kilichopungua ni desturi ya kuuliza. Na kwa anayejificha nyuma ya jina la bandia, sheria ibaki na kazi yake.

7. Suala la istilahi

Kabla ya kumaliza, yafaa tuseme neno juu ya jina la jambo lenyewe. Istilahi tatu zinashindana: uonevu wa mtandaoni, unyanyasaji wa mtandaoni, na udhalilishaji wa mtandaoni. Uonevu, litokanalo na kitenzi onea, linadokeza mwenye nguvu kumshinda dhaifu. Lakini tumeona kwamba katika simu mtungaji anaweza kuwa dhaifu kuliko wote, na nguvu akapewa na wasikilizaji. Unyanyasaji linadokeza usumbufu wa kurudiarudia, na tumeona kwamba aliyeandika mara moja anaweza kuleta maafa. Udhalilishaji, kutoka shina dhalili, linataja matokeo: mtu amefanywa kuwa duni machoni pa wengine. Zanzibar neno hili limekwisha kuzoeleka kwa maana ya ukatili wa kijinsia. Kauli ya kutendesha -ish- iliyomo ndani yake inafaa pia, kwani yaonyesha kwamba udhalili haukuwamo ndani ya mtu, umesababishwa. Tunapendekeza udhalilishaji wa mtandaoni litumike katika vitabu vya kozi zetu, na uonevu liachiwe mambo ya uwanja wa shule.

8. Hitimisho

Tumeupima utetezi wa wanafunzi na tumeona kwamba una nusu ya haki. Ni kweli kwamba Kiswahili kina mila ya kushambuliana kwa maneno, na ni kweli kwamba mila hiyo haikuwa laini. Lakini mila ile ilikuwa na mlengwa aliyepo, fumbo lililowafunika wote wawili, nafasi ya kujibu, na mwisho. Anayebandika picha ya mwenzake chini ya fumbo, na anayemtaja uchawi bibi wa mwenzake asiye na simu, hana ukoo na Muyaka wala na mwimbaji wa lelemama. Amechukua nguo zao tu.

Kwa walimu wa Kiswahili matokeo ni haya. Tunapofundisha kijembe, mipasho na malumbano, tufundishe masharti yake pamoja na ufundi wake. Somo la viwakilishi na virejeshi linaweza kufundishwa kwa kuonyesha namna sarufi inavyomficha mtu na namna picha inavyomfichua. Na katika mtihani wa fasihi simulizi, swali juu ya kusuta lina haki ya kukaa kando ya swali juu ya lelemama.

Mwaka 2022 watu wa Kwale walimchagua Fatuma Achani kuwa gavana, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo katika kaunti yao. Wako wasichana wa Diani na Msambweni ambao sasa hivi wanafikiria kugombea uongozi wa vyama vya wanafunzi. Kabla ya kuamua, kila mmoja wao huhesabu picha zake zilizomo katika simu za watu, na humkumbuka bibi yake. Hesabu hiyo haimo katika kanuni za uchaguzi za chuo chochote, lakini ndiyo inayoamua nani atasimama na nani atakaa. Mwanafasihi anayeijua kazi ya neno hana budi kuijua hesabu hiyo pia.